ETI TRENI NI NZIMA, SISI ABIRIA NDIO WAZITO!

Mkaa Dirishani (mleta mada)
Wakuu, salamu baadaye, nimetoka kutukanwa sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Yule jamaa mnamjua. Huyo huyo wa kipaza sauti. Simtaji, kila aliyewahi kupanda zile treni zetu za mjini anamjua hata kwa kikohozi.

Treni imesimama kituoni, mlango wa katikati ukafunga nusu, ukagoma. Ukafunguka. Ukafunga nusu. Ukafunguka. Na mnajua mlango mmoja ukigoma mota hazipewi umeme, treni nzima inakaa pale pale. Tumekaa mpaka watoto wachanga wameota ndevu. Madirisha hayafunguki, yalipakwa rangi yakagandia humo humo. Dereva wa watu akashuka na ufunguo wake, akausukuma mlango kwa bega, akaufunga kwa mkono, akabandika karatasi: MBOVU. Hiyo karatasi ina matabaka ya gundi pembeni, imekunjika kona zote. Maana yake inahama mlango hadi mlango!

Ndipo jamaa akashika kipaza sauti: "Treni ni nzima. Tatizo abiria mmekuwa wazito, mnaegemea milango."

WAZITO!

Pale mlangoni alikuwa amesimama bibi na mkongojo wake, ambaye upepo ukivuma inabidi tumshike. Yule bibi akageuka, akasema, "Nisameheni wanangu, niliegemea kidogo." Bibi ameomba msamaha! Mlango ulioanza kazi kabla wazazi wangu hawajaoana umeharibika wenyewe, na anayeomba msamaha ni bibi! Mtu hata kiroba cha nyanya hafikii!

Kila mwaka tunabandikiwa picha za treni mpya, sakafu chini, huna haja ya kupanda ngazi, mlango mpana. "Mchakato wa zabuni unaendelea." Unaendelea kwenda wapi? Leo picha hiyo hiyo ilikuwa ukutani nyuma ya bibi wakati anaambiwa mzito. Nimeshindwa kula. Nisameheni wanangu, niliegemea kidogo. Sitasahau.

Kisu Butu
Mkuu, kwanza una kilo ngapi? Tuanzie hapo.

Bi Tiketi
Nimecheka mpaka nimepitiliza kituo. Ila jamaa huyo namjua, siku moja mvua ilivuja ndani ya behewa akatuambia tusogee upande mkavu. Upande mkavu ulikuwa nje.

Fundi Spana
Wakuu, nimekula chumvi nyingi karakana, niwaeleze. Treni zikizeeka kinachoua si bodi, ni spea. Vile vifaa vya umeme vya kizazi kile viwanda viliacha kuvitengeneza, kwa hiyo gari moja linachinjwa ili mengine yatembee. Ule mlio wa ko-ko-ko mnaolalamikia ni gurudumu lililoburuzwa breki ikiwa imeshika, likalika upande mmoja likawa bapa. Linatakiwa lichongwe, na mashine ya kuchonga ina foleni yake.

Lakini msiniambie treni mpya ndiyo dawa. Treni za San Diego, Marekani, za miaka ya 1980 zilipochoka kwao zilipelekwa Mendoza, Argentina, zikaanza kubeba watu kule 2012. Addis Ababa walifungua reli yao 2015, kila kitu kipya kabisa, na haikufika miaka kumi treni nyingi zikalala kwa kukosa spea. Matunzo, wakuu. Matunzo.

Mkaa Dirishani (mleta mada)
Fundi nakuheshimu, lakini huko Mendoza kuna bibi aliambiwa mzito? Jibu hilo tu.

Kisu Butu
Hajataja kilo. Kimya kingi kina mshindo.

Mpanda Ngazi
Mleta mada jipange kisaikolojia. Toronto waliagiza treni 204 mwaka 2009, za mwisho zikafika mwanzoni mwa 2020. Na katikati hapo treni 67 zikaonekana zina kasoro za kulehemu, zikabidi zirudishwe zikarekebishwe. Newcastle, Uingereza, walikuwa na treni zile zile tangu reli yao ilipofunguliwa 1980, mpya ya kwanza ikaanza kubeba abiria Desemba 2024. Hiyo ya kwako ikifika, mwenye mkongojo utakuwa wewe.

Mkaa Dirishani (mleta mada)
Sawa, zichelewe. Mtu asubiri treni, hilo linavumilika. Lakini kuchelewa ni kuchelewa na kutukana ni kutukana! Alikuwa na kipaza sauti mkononi, angeweza kusema "samahani" ikaisha. Badala yake samahani imetoka kwa bibi!

Bi Tiketi
Mambo ya treni madogo. Mimi mashine ya tiketi kituoni kwetu imemeza noti yangu, nikabonyeza kitufe cha msaada, ikajibu mashine: "Simu yako ni muhimu kwetu." Hadi leo ni muhimu.

Chapa Mwendo
Afadhali wewe inakujibu. Lifti ya kwetu ina tangazo la matengenezo ambalo wino umeshafutika. Kigari cha mtoto tunabeba watu wanne kama jeneza.

Mpanda Ngazi
Halafu mnaoshangilia treni mpya, mmeona siti zake? Zile za Newcastle siti zimepangwa ubavuni, mnakaa mnatazamana kama mko barazani. Mimi nataka siti ya dirishani inayoangalia mbele. Siku nzima nimetazamwa na bosi, jioni nitazamwe tena?

Fundi Spana
Siti za ubavuni zinaacha nafasi ya kusimama, kiti cha magurudumu kinapita, na watu wanashuka haraka. Treni haikai sana kituoni. Hiyo ndiyo hesabu.

Mpanda Ngazi
Hesabu zako ni za karakana, fundi. Mimi nina magoti.

Chapa Mwendo
Tatizo si siti, ni wanaoweka begi juu ya siti ukiwaomba wanakutazama kana kwamba umeomba figo.

Mkaa Dirishani (mleta mada)
Jamani BIBI.

Bi Tiketi
Begi afadhali. Kuna anayepiga simu ya ugomvi wa ndoa kwa spika, behewa lote tunajua mume alilala wapi.

Mpanda Ngazi
Alilala wapi?

Bi Tiketi
Kwa dada yake, anadai.

Chapa Mwendo
Dada yupi tena? Ugomvi wa siti nimeufungulia uzi wake, nimeweka na kura. Njooni huko mpige, mpaka sasa wa dirishani tunaongoza.