Mashindano ya bao: tufute kunamua ili mchezo uwe mfupi?

Wadau, salaam. Kila yakitajwa mashindano ya bao, hoja hii haikosi: vijana wanakimbia kwa sababu mchezo ni mrefu, basi tuache kunamua (kuingiza ubaoni kete za mkononi, moja kila zamu), tushindanie bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, mtaji (kutembeza kete zilizo ubaoni) papo hapo.

Mimi napinga. Kwenye bao la Kiswahili unaanza na kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa kwenye nyumba (shimo lako maalumu la akiba), na 22 mkononi. Kila zamu unaingiza moja. Kwa wachezaji wawili ni zamu 44 kabla ya mtaji, kama hakuna aliyefungwa mapema, na utamu wote uko hapo. Kete ya mwisho ikiishia kwenye nyumba yako na mbele yake hakuna cha kula, unaamua: ulale (uishie hapo) au usafiri (uzitembeze kete za nyumba)? Ukisafiri mapema umetawanya akiba. Ukilala sana, mwenzio ananamua kete moja tu anaikomba nyumba nzima. Bao la kujifunza halina nyumba, kwa hiyo uamuzi huo haupo.

Halafu tazameni mpangilio. Kete 10 zako hazitazamani na za mwenzio, kwa hiyo anayeanza hawezi kula zamu ya kwanza. Jazeni mashimo yote mbilimbili, anayeanza anakula hapohapo. Hiyo ndiyo haki ya mashindano?

— Mkuu, unalinda mchezo unaobaki na wazee. Sataranji nayo ilibadilishwa. Hadi karne ya 15 malkia alisogea hatua moja tu ya mshazari. Wakampa mbio, mchezo ukachangamka. Leo nani anaulilia ule wa zamani?

— Pale waliongeza, hapa mnanyofoa. Malkia mwenye mbio alileta mambo mapya ya kufikiria. Kama tatizo ni muda, wekeni saa mezani: kila mtu na dakika zake, zikiisha amefungwa. Ila muda wa kutembeza kete usihesabiwe, maana zamu moja ya mtaji inaweza kuzunguka mpaka mkono uchoke. Anayechelewesha ni yule anayeukodolea ubao (tunawajua).

— Saa naikubali. Lakini nani ataisimamisha kila kete zinapoanza kutembea? Mchezaji mwenyewe mikono yote iko kazini, na mwamuzi mmoja hawezi kukaa kwenye kila ubao.

— Mpinzani aisimamishe. Yeye ndiye asiye na kazi wakati huo.

— Mpinzani? Huyo ndiye atakayesahau makusudi!