Nimepiga vyombo vyote vya "Sina Makosa" peke yangu, watu wanasema siyo yenyewe. Nakosea wapi?

FundiFriji

Wakuu, habari za usiku.

Mimi ni fundi friji hapa Tanga. Mchana nahangaika na kompresa na gesi za watu, usiku watoto wakishalala nageuka bendi. Nina gita moja la umeme, besi ya kuazima kwenye kwaya (niliomba ya siku tatu, sasa inaingia wiki ya tatu, naomba msiniulize), simu, na kompyuta mpakato ambayo feni yake inalia kama bodaboda iliyopasuka ekzosi. Nachukua wimbo wa zamani, napiga chombo kimoja kimoja, najirekodi, halafu naunganisha: skrini inagawanyika vipande vinne, mimi wanne, mashati manne ya rangi tofauti. Kijani gita la solo, bluu gita la rithim, nyeupe besi, na la njano nimekaa kwenye drums za mtoto wa jirani. Kuimba siimbi. Nataka vyombo tu, visikike vilivyopangwa.

Nimeanza na Sina Makosa ya Les Wanyika. Marehemu mjomba wangu alikuwa mpiga rithim wa bendi ya hoteli mjini hapa, na kwake Wanyika walikuwa watu wa nyumbani waliokwenda kutafuta jina ugenini. Hakukosea. Wilson na George Peter Kinyonga walipitia Jamhuri Jazz hapa hapa Tanga, wakaenda Arusha, mwaka 1971 wakaingia Kenya na Simba Wanyika. Mwaka 1978 wapigaji kadhaa wakachomoka humo, akiwemo Omari Shabani wa rithim, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa drums. Wakaungana na John Ngereza, ndiyo ikawa Les Wanyika.

Sasa. Nimekaa na huu wimbo miezi miwili. Solo nimeinyofoa noti kwa noti, nikirudisha nyuma sekunde mbili mbili mpaka mke wangu akahamia chumba cha watoto. Jumamosi nikaiweka video hewani. Maoni:

"Umejitahidi kaka, lakini siyo yenyewe."

"Hii ndiyo ile wanakuwekea ukisubiri huduma kwa wateja."

"Noti zipo, wimbo haupo."

Huyo wa tatu kaninyima usingizi. Halafu mke wangu, ambaye gita hajui linashikwaje, alisikiliza akiwa jikoni anakaanga mihogo, akauliza: "Mbona hauchezeki?" Akaendelea kugeuza mihogo.

Kwa hiyo naombeni msaada. Kwanza, nikituni gita kwa programu ya simu, wimbo haunikubali. Nikikaza nimepita, nikilegeza nimepungua, upo katikati ya noti mbili. Pili, nimejaribu programu za kutenganisha vyombo, gita zote mbili zinanijia kwenye kapu moja. Na tatu, ndilo kubwa: kama noti zipo, ni nini ambacho hakipo?

Kiungo cha video kipo kwenye wasifu wangu. Msinionee huruma.

---

KandaNaSanturi

Niko Nairobi, kazi yangu ni kuhamisha santuri na kanda za watu kuzipeleka kwenye kompyuta. Nijibu hayo mawili ya kwanza, la tatu nawaachia wapigaji.

Kwenye kutuni, usiguse gita. Gita lako ni zima, ni faili ndiyo inadanganya. Fikiria hiyo kopi ilikotoka: studio ilirekodi kwa mashine ya utepe, ikakatwa santuri, miaka baadaye mtu akaipiga kwenye mashine ya nyumbani akaiingiza kwenye kanda, kanda ikapigwa kwenye redio ya betri zilizochoka, ndipo ikaingia mtandaoni. Kila mashine ina mwendo wake. Kupanda noti moja kwenda ya jirani yake kabisa ni kama asilimia 6 ya mwendo. Kwa hiyo ukikosea asilimia 3 tu umeshatumbukia kwenye ufa kati ya noti mbili, hapo hapo ulipo wewe. Santuri ya mizunguko 45 kwa dakika, ikizunguka 46 na kitu, imekwisha habari yake.

Fungua Audacity, ile programu ya kuhariri sauti. Tumia ile amri ya kubadilisha mwendo, si ile ya kubadilisha tempo peke yake, kwa sababu mashine iliyokimbia ilipandisha vyote viwili, kasi na kimo cha sauti, kwa pamoja na wewe unataka kuvirudisha kwa pamoja. Shusha au pandisha kidogo kidogo mpaka ilingane na gita lako. Utaanguka kwenye mojawapo ya funguo mbili za jirani. Kujua ipi ni ya kweli, sikiliza nyuzi zinazolia wazi bila kushikwa. Uzi wazi una mlio wake mrefu, hauigiziki, na ukiutambua utajua mkono wa mpigaji ulikuwa wapi kwenye shingo ya gita.

Tahadhari moja. Nyimbo ndefu za Nairobi enzi hizo zilikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu wa santuri na ya pili upande ule. Kopi nyingi za mtandaoni mtu ameziunga mwenyewe. Pima mwanzo, kisha pima tena baada ya kiungo, usije ukalaumu masikio.

Kutenganisha: hizo programu nyingi zimefunzwa makapu manne, sauti, drums, besi, na "vinginevyo". Gita zote zinaenda kwenye vinginevyo. Programu moja, Demucs, ina aina ya makapu sita yenye kapu la gita, lakini ni moja, haijui solo na rithim ni watu wawili. Ukipata kopi ya sterio vaa hedifoni upande mmoja tu, mara nyingi gita moja limesukumwa kushoto na jingine kulia. Ukipata mono, vyote vikiwa vimechanganywa njia moja, pole. Na besi ukitaka kuisikia vizuri, kimbiza faili mara mbili: inapanda oktavu nzima na kila noti inajitokeza.

Notisi ya hakimiliki ikikujia usishtuke. Rekodi hukuitumia, lakini utunzi una mwenyewe. Mara nyingi ni dai tu, hela ya matangazo inakwenda kwa mwenye wimbo na video inabaki.

---

DadaBesi

Mpiga besi, Mombasa, bendi ya hotelini, miaka kumi na mmoja sasa. Nimeitazama mara mbili.

Kaka wa shati jeupe ana tatizo la kuogopa kimya. Hiyo besi ya Malanga ina mapengo ya makusudi. Anasema maneno mawili matatu, ananyamaza, anarudi. Wewe kila penye pengo umetia noti, kama mtu anayejibu simu ambayo haijamwita. Ukilijaza pengo la besi, rithim inakosa pa kupita, halafu unashangaa wimbo umejaa na haupumui.

Jingine: kukata noti. Usiangalie unaipiga lini tu, angalia unaizima lini. Mimi huzima kwa kulegeza kidole cha kushoto, simwachii uzi ajifie mwenyewe. Chukua sehemu fupi tu, iandike kwenye karatasi: piga, zima, kimya, kimya, piga. Ukishaona vimya ni vingi kuliko noti ujue umeanza kuelewa.

Solo yako nzuri. Lakini solo kila mtu anaweza akikesha.

---

MpigaWaPembeni

Wanangu, mimi ni mzee, niko Morogoro, nimepiga rithim toka sabini na ngapi mpaka vidole vilipokataa. Mjukuu ndiye ananichapia haya, kwa hiyo makosa ya herufi ni yake.

Fundi, nakuuliza kama askari: ulianza kurekodi nini? Ulianza solo. Usibishe, nasikia. Halafu rithim ukaipachika chini yake kama mtu anayeezeka nyumba kwanza halafu anatafuta nguzo.

La pili, zito zaidi. Rithim hukuipiga wimbo mzima. Ulipiga kipande kifupi kikakupendeza, ukakinakili ukakibandika mpaka mwisho. Nimejuaje? Mapema pale unagusa uzi wa tatu kwa bahati mbaya, unatoa "tii" kidogo. Baadaye unaugusa tena vile vile. Baadaye tena. Mpaka chemko, pale wimbo unapochangamka, limeingia, "tii". Binadamu anakosea, lakini hakosei vile vile mara nne. Na video ya shati la bluu umeirudia hiyo hiyo, kuna nzi anapita nyuma yako kila baada ya muda, nzi yule yule.

Sasa nikwambie tulivyokuwa tunafanya. Tukienda kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam tunaingia bendi nzima, tunapiga pamoja, waimbaji humo humo. Mpuliza tarumbeta akiteleza mwishoni, wote tunarudi mwanzo. Hakuna saa inayogonga sikioni. Saa ni mpiga rithim, na mpiga rithim mwenyewe anamtazama wa drums, wa drums anatazama miguu ya waimbaji. Wimbo ukifika chemko, unasogea mbele kidogo, hakuna aliyeamrisha. Wewe umemfunga kila mmoja kwenye metronomu, wamefika wote kwa wakati kama abiria wa treni, hakuna aliyemsubiri mwenzake.

Mkono. Rithim ya Omari Shabani usiitafute kwenye mkono wa kushoto. Mkono wa kulia hausimami. Unakwenda chini juu, chini juu, kama mwanamke anayepepeta mchele, hata pale usiposikia kitu unakwenda. Kushoto ndiyo kunaamua ipi isikike: unabana, inalia, unalegeza bila kuondoa vidole, inatoa "chk" kavu. Ukisimamisha mkono wa kulia ili usubiri noti inayofuata, umeshaua.

Fanya hivi. Anza na rithim. Peke yake, wimbo mzima, bila metronomu, bila kukata. Simama. Ukichoka mkono ndiyo unaanza kupiga vizuri, kwa sababu unaacha kujionyesha. Halafu besi, halafu drums. Solo iwe ya mwisho, aje mgeni mezani chakula kikiwa tayari.

---

Kibao_Kata

Mimi swali langu ni dogo tu. Kwaya wanapiga na nini Jumapili hizi tatu?

---

FundiFriji

Narudi baada ya siku kumi na mbili. Shikamoo Mzee. Nzi nimemwona. Nimemtazama mara nyingi kuliko nilivyotazama video yenyewe. Ni kweli nilinakili, kipande cha sekunde kumi na nne, nikajiambia nani atajua.

KandaNaSanturi, faili ilikuwa imepanda asilimia 2.7. Nimeishusha, nyuzi zimekaa. Na kuna pahala imeungwa, baada ya hapo inapanda tena kidogo! Miezi miwili nilikuwa najilaumu kwamba nikifika nusu ya wimbo nachoka nalegea.

Rithim nimeirudia kama ulivyosema, nimesimama, mguu nagonga juu ya godoro ili wapangaji wa chini wasije. Mara ya kwanza mkono ulikaza nikaacha njiani. Ya pili nilifika mwisho lakini nilikuwa napiga kwa hasira. Ya tano ndiyo nimeiweka. Nimeipima kwenye programu: nimemaliza mapigo manne kwa dakika juu ya mwendo nilioanzia. Kidole kilitaka kubofya "sahihisha". Nikafunga kompyuta nikalala.

Kitu cha ajabu kwangu ni hiyo "chk". Nilikuwa siisikii kabisa kwenye rekodi, nilidhani ni drums. Sasa siwezi kuacha kuisikia. Nimetengeneza friji ya mama mmoja juzi, kompresa ikawa inaingia na kutoka, nikajikuta natafuta wapi nilegeze vidole.

DadaBesi, nimeandika karatasi. Vimya ni vingi kuliko noti, kama ulivyosema. Nikiingia kwenye pengo midomo inahesabu yenyewe, kwenye video naonekana kama nasali. Shati jeupe limependeza kwa kweli.

Kuhusu kwaya: besi inarudi Ijumaa. Mwalimu wa kwaya ameiona video.

Nimepandisha toleo jipya kwenye wasifu ule ule.

---

DadaBesi

Nimeiona. Sasa pale wimbo unapogeuka ndiyo nimetikisa kichwa bila kujua. Umebakisha noti mbili za uchoyo karibu na mwisho, lakini hizo nakusamehe.

---

MpigaWaPembeni

Nimesikiliza. Bluu na nyeupe sasa wanaongea. Njano anawasikiliza. Yule wa shati la kijani bado anafika kabla ya wenzake kila anapoingia, mwambie hakuna anayemkimbiza.