Akina mama wananyamaza kwenye mkutano wa kuchagua mbegu, nifanyeje?

BibiShamba wa Mbozi:
Habari zenu wadau. Mimi ni afisa ugani, mwaka wa sita kwenye kata hii. Msimu uliopita watafiti walituletea aina nane za maharage, tukazipanda kwenye shamba darasa la kijiji. Zilipokomaa tukaita wakulima 34, kati yao akina mama 21, waseme ipi tuendelee nayo.

Tulizunguka shambani, kisha tukakaa chini ya mti. Mwenyekiti wa kikundi akasimama wa kwanza: namba 5, punje kubwa, nyekundu, madalali wa Mlowo wataigombania. Wanaume wakamuunga mkono mmoja baada ya mwingine. Nikawageukia akina mama. "Tumekubaliana na waliotangulia." Nikaandika namba 5, picha zikapigwa, tukaagana.

Wiki mbili baadaye nikapita kwa mama mmoja kumwangalia ndama wake. Alikuwa amebandika namba 5 tangu asubuhi, na jua lilishafika utosini. Akaniambia, "Hii inamaliza kuni. Namba 2 punje yake ndogo, lakini inaiva upesi, mchuzi wake mzito, na majani yake machanga tunachuma mboga." Nikamuuliza mbona hakusema siku ile. "Ningesemaje, na shemeji ameshasema?"

Imeniuma sana. Ripoti niliyoisaini inasema "wakulima wamechagua". Msimu huu tunarudia. Nitamsikiaje kila mmoja bila kumvunjia mwenyekiti heshima?

Mwezeshaji Karagwe:
Pole dada, yamenikuta pia. Siku hizi sianzi na mkutano. Kila jaruba lina kopo lenye mfuniko uliotobolewa. Wanawake nawapa punje tatu za maharage, wanaume punje tatu za mahindi, na kila mtu anapita peke yake kutumbukiza kwenye aina anazozipenda. Tunahesabu mbele ya wote, maharage mbali, mahindi mbali. Mkutano unakuja baada ya hapo, na swali linakuwa jingine: kwa nini kopo hili limejaa maharage na halina mahindi? Hapo hakuna anayempinga shemeji, wanaeleza kilichomo kwenye kopo. Mwenyekiti mpe kazi ya kuhesabu, atafurahi.

Na siku hiyo pikeni. Sufuria zinazolingana, maji sawa, moto uwashwe kwa wakati mmoja. Wanaume nao waonje.

Kijana wa Vwawa:
Naomba namba 5 isionekane kama hila ya wanaume. Mimi nalima kwa ajili ya kuuza, ada ya wadogo zangu inatoka kwenye gunia. Punje ndogo dalali anaishusha bei hapo hapo. Mama naye ana haki yake jikoni, lakini ukiondoa namba 5 utaniumiza mimi.

Mtafiti mstaafu:
Mwanangu, swali lako ni zuri, ila mlango mmoja ulifungwa kabla hujaitisha mkutano. Zile nane nani alizichagua?

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kule Rwanda, mtafiti Louise Sperling na wenzake waliwaita wanawake wanaosifika vijijini kwa ujuzi wa maharage, wakawaingiza ndani ya shamba la kituo cha utafiti cha Rubona wakati aina zilikuwa bado nyingi. Aina zilizotokana na kazi ile na wakulima wakazishika zilifika 21, sawa na zote ambazo taasisi yao ya utafiti ilikuwa imezitoa katika miaka 25 iliyotangulia. Waombe watafiti wako wakuruhusu upeleke akina mama watano kituoni mapema, na uwateue kwa ujuzi wa maharage, si kwa cheo.

Ipo pia njia ya pakiti tatu. Kila mkulima anapewa aina tatu tu, zimeandikwa A, B, C bila majina, na jirani anapata tatu tofauti. Anapanda kwake, anapika kwake, kisha anakwambia ipi bora na ipi mbaya kuliko zote. Kompyuta inaunganisha majibu. Kwenye utafiti uliochapishwa 2019 walitumia vishamba 12,409 vya wakulima wa Nicaragua, Ethiopia na India. Mtu anajibu akiwa nyumbani kwake, mkutano haumgusi.

BibiShamba wa Mbozi:
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Pakiti nitaziombea bajeti, msimu huu naanza na makopo. Kijana wa Vwawa, nimekuelewa: namba 5 na namba 2 zote zinarudi shambani, na hesabu za wanawake na wanaume nitaziandika safu mbili bila kuzijumlisha.

Yule mama nimemwomba asimamie sufuria. Ameuliza kama aje na mafiga yake. Nimemwambia aje nayo.