Maji ya jirani yananiingilia ndani kila masika, nimefika mwisho. Naombeni ushauri (Mtwara mjini)

BintiMakonde_82:
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko Mtwara mjini, Kiyangu, nyumba nimejenga mwenyewe kidogo kidogo miaka tisa. Kiwanja changu kiko chini kidogo ila zamani maji yalikuwa yanapita pembeni kwenye kijia yanaingia mtaroni, hatukuwa na shida kabisa. 2021 jirani wa juu akaja akamwaga kifusi lori kwa lori akainua kiwanja chake mpaka usawa wa dirisha langu, uwanja wote akatandika pevingi, akazungusha ukuta, halafu chini ya ukuta akaacha matundu matatu ya bomba la inchi nne, yote yanatazama kwangu. Na kile kijia ukuta umekimeza.

Mvua ikishika maji yanaruka kwenye yale matundu kama koki imeachwa wazi. Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya tulinyanyua godoro la mama yangu juu ya meza usiku wa manane, yeye hatembei vizuri, nikambeba mgongoni maji yako kwenye vifundo vya miguu. Sasa hivi ukuta wa chumba chake umetoka chumvi nyeupe, ukigusa plasta inadondoka unga.

Nimeenda kwake kwa mdomo mara tatu, akasema maji hayana mwenyewe. Mwenyekiti wa mtaa akatukalisha, akakubali kwa maandishi kwamba ataelekeza maji barabarani, hajafanya. Nikaenda ofisi moja wakaja wakapiga picha wakaondoka, leo msimu wa pili nasubiri. Desemba inakuja hiyo jamani, nifanye nini?

kaka_wa_Mikindani:
Pole sana dada. Mimi ningechukua zege nikaziba hayo matundu yote kwa upande wangu, arudi nayo mwenyewe.

FundiMsingi:
Dada usizibe, nakuomba. Yale matundu ndio yanayoushikilia ule ukuta, ukiyaziba maji yanajaa kwenye kifusi nyuma yake, udongo unalowa unakuwa mzito, tofali hazina ubavu wa kuzuia uzito huo na ukuta utaangukia upande wako, tena upande wa chumba cha mama. Nimeshaona ukuta umelala namna hiyo Magomeni, ashukuriwe Mungu hakukuwa na mtu.

Ngoja nikupe hesabu ukamwonyeshe. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati lake na pevingi tufanye mita za mraba 300, mvua ya milimita 50 ikipiga hiyo ni lita 15,000, simtanki tatu za lita 5,000 zinamwagwa kwako kwa mvua moja. Zamani mchanga ulikuwa unakunywa sehemu kubwa, sasa kaufunika. Kwa hiyo aweke gata kwenye bati na tanki la kukingia, na chini ya ukuta ujengwe mtaro wa tofali na zege ukiwa na mteremko mpaka kwenye mtaro wa barabara. Mteremko upimwe kwa ule mpira wa maji wa mafundi wa kupimia usawa, msikadirie kwa macho.

Shimo la kunyonya maji kwako sikushauri mpaka uangalie visima vya hapo masika, kama maji yanakuwa juujuu basi shimo litajaa lenyewe kabla hata hajamwaga yake.

mwanasheria_mtaani:
Hapo fundi kasema. Upande wa sheria, tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata halitoi tena hukumu ya mgogoro wa ardhi, linasuluhisha tu, na likishindwa unapewa karatasi unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na siku 30 zikipita halijasuluhisha unaweza kwenda hata bila hiyo karatasi. Ile karatasi aliyosaini kwa mwenyekiti itunze kama hati ya nyumba. Mvua ya kwanza piga video matundu yanapotoa maji. Na kila barua unayopeleka ofisi yoyote ibebe nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, bila muhuri watakwambia hawajakuona. Kuhusu kuingiza maji mtaro wa barabara ya mtaa, waoneni Tarura, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kabla hamjachimba.

BintiMakonde_82:
Asanteni sana, kumbe nilikuwa nakaribia kuziba kweli, saruji nilishanunua mfuko. Nimempelekea mke wa jirani ile hesabu ya simtanki tatu, yeye tunasalimiana vizuri, amekaa kimya akasema atamsomea mumewe. Mwenyekiti anakuja Jumamosi saa kumi. Nimepima kwa hatua kutoka kona ya ukuta mpaka mtaroni ni 22, tofali za nusu yake nitalipia mimi, na ule mfuko wa saruji ndio wa kuanzia. Fundi, kama uko mjini nitumie ujumbe faragha.