Wakuu, piknomita (kichupa cha kupimia densiti) inanipa majibu ya ajabu na ripoti ni Jumatatu

Mpima_Maji: Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa tatu, kemia. Mradi wangu ni ujazo wa kimola wa ethanoli ndani ya maji, yaani mola moja inachukua mililita ngapi, piknomita ya mililita 25, nyuzi 25. Kwa mola 1 kwenye kilo ya maji napata densiti 0.983. Nikikokotoa inatoka mililita 61, wakati ethanoli tupu ni 58.7! Silali.

Kobe_Mzee: Una spiriti mkononi halafu hulali? Onja kidogo mkuu.

Mama_Wawili: Mnasubiri mpaka dakika za mwisho. Mdogo wangu alirudia mwaka hivyohivyo, sasa hivi anafuga kuku. Kuku wenyewe wazuri lakini.

Fundi_Mizani: 61 haiwezekani. Ethanoli na maji vinabanana: 50 kwa 50 hupati 100, unapata kama 96. Ulitakiwa uwe kwenye 55, densiti 0.989. Joto ulilidhibiti?

Mpima_Maji: Umeme ulikatika mara mbili. Itakuwa joto.

Fundi_Mizani: Usilisingizie joto. Maji yakitoka 25 hadi 30, densiti inashuka toka 0.9970 hadi 0.9957. Wewe umepotea mara nne ya hapo. Chupa umeifanya nini?

Mpima_Maji: Sawa. Kizibo kilinidondoka kikavunjika. Nikachukua cha chupa nyingine, kinaingia vizuri, kinazama kidogo tu. Mtunza stoo hajui. Ila nimeshazidisha kila densiti kwa 1.006 na majibu yamekaa. Ripoti iko kwa wa kubaindi, sioni shida.

Fundi_Mizani: Kizibo kinasagwa kwa chupa yake, ndiyo maana vina namba. Kikizama, chupa inabeba pungufu, na wewe ujazo uliupima kwa kile cha zamani. Jaza maji masafi kwa kizibo hichohicho, pima, gawa kwa 0.99705, kisha kokotoa upya. Huenda ukaangukia 1.006 ileile, lakini itakuwa na kwao.

Shemeji_wa_Taifa: Ngojeni kwanza. Mwezi wa tatu huyu aliuliza zinakouzwa chupa tupu za jumla, "nina kakiwanda uani". Mwanachuo gani? Huyu anapika gongo!

Mpima_Maji: Ule uzi ni wa mjomba, simu tunatumia wote.

Kobe_Mzee: Mjomba yuko mtaa gani?

Mama_Wawili: Nilijua tu. Nimepoteza bando langu.

Fundi_Mizani: Mpika gongo hana shida na piknomita. Kijana, mtunza stoo umeshamwambia?