Naomba ushauri: taa ya upepo wa matairi haizimiki

Ndugu zangu, gari langu, lililoagizwa kutoka Japani likiwa limetumika, linawasha ile taa ya njano yenye umbo la tairi na alama ya mshangao tangu nilipobadilishiwa matairi, ingawa upepo umejazwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, tena ukapimwa asubuhi matairi yakiwa ya baridi.

Nilibonyeza kitufe cha kuweka upya mfumo wa kupima upepo, kilicho chini ya usukani, hadi taa ikamweka mara tatu, lakini kila niwashapo gari humweka kwa takriban dakika moja, kisha hubaki ikiwaka. Kwa ninavyoelewa, kumweka huko huashiria hitilafu ya mfumo wenyewe, wala si upungufu wa upepo. Ndiyo maana nahofia kwamba sensa mojawapo, yaani vile vifaa vidogo vya kupima upepo vilivyoshikana na vali ndani ya rimu, iliumizwa wakati wa kubandua tairi, au betri yake imekwisha.

Je, fundi anaweza kuitambua sensa mbovu bila kufungua matairi yote manne? Na sensa mpya ni lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari kwa mashine? Nasafiri na familia, na sitaki tuizoee taa hii, kwani tairi likipungua upepo kweli hatutajua.