Naomba ushauri: nimjibu vipi mama mkwe kuhusu Bikira Maria?

Wakubwa shikamooni. Mimi ni Mkatoliki, naishi Kirumba, Mwanza. Mama mkwe ni mlokole, na ananipenda kweli. Jana tukiparua sato aliiona rozari shingoni mwangu, akaweka kisu chini: “Mwanangu, kwani Yesu hatoshi?” Nikabaki na magamba mikononi, sina neno.

Najua Mkombozi ni Kristo peke yake. Maria alimwitikia malaika “nitendewe ulivyonena”, akafika na Mwanawe hadi msalabani. Hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki), mwaka 1964, ulifundisha kwamba nafasi ya Maria haipunguzi chochote katika upatanishi wa Kristo. Ila mama ameshikilia 1 Timotheo 2:5, kwamba mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Kristo Yesu.

Nianzie wapi, arusi ya Kana, Maria alipomwambia Yesu kwamba divai imewaishia? Sitafuti kumshinda, nataka anielewe. Jumapili anapanda meli kurudi Ukerewe.